Vitamini Zilizokaa Chini ya Bati

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo sitaisahau mpaka wanifukie. Harufu ya mashudu ya alizeti ikinipita tu puani, hata nikiwa njiani na shughuli zangu, siku ile inanirudia yote kama ilivyokuwa: mama wa watu kasimama mbele yangu, kanga kaikunja kifuani, na ndani ya kanga yumo kifaranga. Na mie, mtu mzima wa miaka ishirini na mbili, nafungua mdomo kusema uongo.

Lakini hapo nimeanzia katikati. Ndiyo tabia yangu, mnivumilie, shule yangu iliishia darasa la nne na hata huko nilikuwa nakaa dirishani. Nayaandika haya kwa sababu mjukuu wangu kajenga banda kule Bunju, kaingiza kuku wa nyama, na juzi kanipigia simu kuniuliza, "Babu, vitamini gani nzuri?" Nikamwambia, ile uliyoelekezwa na bwana mifugo wako. Akashukuru, akakata. Yeye karidhika, mie nikabaki na simu mkononi, maana la kumwambia lilikuwa jingine na sikulisema. Basi nalisema hapa, alisome yeye, na wewe mwanangu usiyenijua ulisome pia.

Enzi hizo nilikuwaga Mtoni, kwenye mashine ya kusaga na kuchanganya chakula cha kuku. Usifikirie kiwanda. Chumba kimoja cha matofali, bati juu, mashine moja yenye bomba la moshi lililopanda ukutani, na sakafu ya saruji tuliyochanganyia kwa beleshi. Mwenyewe alikuwa Mzee Chilumba, Mmakonde wa Newala, mfupi, mkavu, ana chale usoni. Ujanani alikuwa mchonga vinyago, akaacha kifua kilipolikataa vumbi la mpingo, halafu akaja kujitumbukiza kwenye vumbi la pumba. Nikimcheka kwa hilo alinijibu, "Vumbi la pumba linanipa ugali. La mpingo lilinipa kikohozi tu." Mke hakuwa naye tena, watoto walishatawanyika, kwa hiyo maneno yake yote alinimiminia mie. Wakati ule niliona adhabu.

Alinifundisha hivi. Mahindi yanampa kuku nguvu, mashudu na dagaa vinampa mwili, chokaa na mifupa vinampa miguu ya kusimamia. Lakini kuna unga mmoja wa manjano, wenyewe wanauita premiksi, ndimo zilimo vitamini. Kidogo tu kwa gunia zima, ukiutazama unaona kama umemwagikiwa na manjano ya mchuzi basi. Mzee alikuwa akisema kuku wa kienyeji akipungukiwa na kitu atatoka akakitafute jalalani, atachokoa jani, atameza mdudu. Kuku wa nyama, yule mweupe wa kufungiwa, hana pa kwenda. Kile ulichomwekea mbele yake ndiyo dunia yake yote. Ukisahau kitu, basi kitu hicho duniani hakipo.

Na alikuwa na masharti na ule unga. Ulikaa kwenye ndoo nyeupe yenye mfuniko, na ndoo ilikaa pembeni, penye ukuta usiopigwa jua, sehemu pekee ya chumba kile iliyokuwa na ubaridi. Kuuchanganya, kwanza unauweka kwenye bakuli la pumba, unakoroga kwa mkono. Bakuli unalimimina kwenye debe, unakoroga. Debe ndiyo unalipeleka kwenye lundo, unageuza kwa beleshi mara nne, mara tano, mpaka kiuno kinalia. "Ukiutupa kwa mkupuo," alisema, "kuku mmoja atakula wote na mia hawataonja."

Sasa Mzee Chilumba akafiwa na kaka yake huko Newala. Akaniachia funguo, akasema anakaa mpaka arobaini ipite, akaondoka na begi lake la turubai. Mwanangu, kijana akiachiwa funguo anarefuka ghafla. Wiki haijaisha, nimeshageuza mashine ya watu kuwa kijiwe. Marafiki zangu wanakuja mchana kucheza drafti, na wapi pengine pa kuchezea kama siyo ile kona yenye ubaridi?

"Braza Hamisi, huku ndiyo Ulaya!" walikuwa wakisema. "Joto lote la Mtoni linaishia mlangoni kwako."

Viti havikutosha. Nikaitazama ile ndoo. Ndoo ya mfuniko mgumu, urefu wake sawasawa na kigoda. Nikaumimina ule unga kwenye kiroba, nikakifunga kamba shingoni, nikakitundika kwenye msumari juu, jirani na bomba la moshi, sentimita chache kutoka kwenye bati. Ndoo nikaipindua, nikaikalia. Nilikuwa mfalme, nakula kete za watu.

Bati la Dar saa saba mchana unalijua. Na mashine inanguruma chini yake tangu asubuhi. Kiroba kikaning'inia pale wiki baada ya wiki, mvua ya vuli ikapita siku mbili ikavuja kidogo, jua likarudi. Mie kila nikihitaji nachota, nakoroga kwenye bakuli, nakoroga kwenye debe, nageuza mara tano. Ndiyo inayoniuma mpaka leo, kuchanganya nilichanganya vizuri sana. Nilichanganya kwa utaratibu wote kitu kilichokwishakufa.

Nikupe habari za Mama Neema. Alikuwa mama wa Kinyakyusa, mjane, aliyekuwa akifundisha chekechea mpaka shule yenyewe ikafungwa. Nyumba yake ilikuwa nyuma ya mashine, hatua mia na ushee, na uani alikuwa na bomba. Alipokosa kazi akajenga banda, akaleta vifaranga vya siku moja, mia tatu. Ndiyo mshahara wake ule, ndiyo shamba lake. Alikuwa mtu wa kufuata maelekezo kama mtu wa kanisani anavyofuata ratiba ya ibada. Maranda makavu, taa ya joto, maji yanabadilishwa asubuhi na jioni, mgeni haingii mpaka akanyage dawa mlangoni. Wenzake wengine walikuwa wakiwatupia vifaranga wao majani ya mchicha, yeye alisema hapana, kitabu hakijasema. Chakula chote alichukua kwangu. Kwa hiyo wake walikula kiroba changu na hawakula kingine.

Jirani yake ukuta kwa ukuta alikuwa Bi Mwantumu, bibi wa Kindengereko, anayepika vitumbua asubuhi na kuviuza kizingitini kwake. Maji alikuwa akichota kwenye bomba la Mama Neema. Naye Mama Neema alipokuwa akienda kufundisha, Neema mdogo alishinda kwa Bi Mwantumu, kakulia vitumbua vile. Mmoja wa kanisani, mwingine wa msikitini, hata siku moja sikuwasikia wakikwaruzana.

Basi ile siku. Mama Neema kaingia mashineni, jasho linamtoka, kafungua kanga.

"Kaka Hamisi, hebu niangalizie. Ninao kama huyu wengi. Wanakalia visigino, hawasimami."

Nikamtazama yule kifaranga. Macho makali, tumbo limejaa, sauti anayo. Lakini vidole vya miguu vilikuwa vimejikunja kwa ndani, kama mtoto mchanga aliyefumba ngumi. Mwanangu, nilijua. Mzee Chilumba alishanionyesha kuku wa hivyo mwaka uliotangulia, akaniambia huyu kapungukiwa vitamini, akiwahiwa atakunjua, akicheleweshwa basi ndiyo hivyo tena. Nilijua kabla yule mama hajamaliza sentensi. Na macho yangu yalipanda yenyewe kule juu, kwenye kiroba.

Ningesema, "Mama Neema, unga wangu umeharibika, nisamehe, ngoja nikutafutie mwingine." Nimehesabu baadaye, ni maneno ya pumzi moja. Lakini nikamwona Mzee anarudi, nikaona ufunguo unanitoka mkononi, nikawaona wale vijana wa drafti wananicheka. Nikasema, "Chakula changu wanakula kuku wa Mtoni nzima."

"Sasa nini, kaka? Mbona maelekezo yote nimefuata?"

Na hapo ndipo shetani alinipa neno. Sikulitafuta. Lilikuwa tayari mdomoni. "Hakuna mtu," nikamwambia, "aliyechungulia bandani akawasifia?"

Unaishi pwani, unajua. Mtu akiona kitu cha mwenzake kimependeza anatanguliza mashallah ndiyo asifie. Asipotanguliza, watu wanatazamana, wanasema katia jicho. Wafugaji ndiyo zaidi, wengine hata ukiwauliza wana kuku wangapi wanakujibu, "Wapo wapo." Mama Neema hakuwa mtu wa mambo hayo. Lakini mtu akishikwa na hofu anashika hata kisu kwenye makali. Akakunja kanga taratibu.

"Bi Mwantumu," akasema. "Jumatatu. Alisimama kwenye wavu akasema, 'Mama Neema, kuku hawa mbona wanono hivi.' Akacheka."

"Alisema mashallah?"

"Sikusikia."

Sikumjibu. Nikashika beleshi nikaendelea na kazi. Kutojibu kwangu kulitosha kabisa.

Kesho yake nilipeleka gunia la mtu mtaa uleule, nikayakuta kwa macho yangu. Bi Mwantumu kasimama nje ya lango la Mama Neema na ndoo yake, lango limefungwa kwa ndani.

"Mama Neema, mwanangu, ni mie. Nimekuja maji."

"Maji hakuna, bibi."

"Mbona nayasikia yanamwagika?"

"Nimesema hakuna! Kachote huko unakojulia kutazama vya watu."

Bibi akabaki pale. Akanigeukia mie, maana nilikuwa karibu, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Hamisi, nimefanya nini?" Mwanangu, nilimwamkia. Ndiyo nilichoweza. Nikasema, "Shikamoo bibi," nikasukuma mkokoteni wangu nikapita.

Mtaa ni mtaa. Wiki moja haikuisha, vitumbua vikaanza kubaki kwenye sinia. Kina mama wakawa wanawashika watoto mikono wakipita pale. Kijana mmoja akapiga kelele, "Bibi, usinitazame, nina mtihani kesho!" na watu wakacheka, na wenzangu wa drafti wakaja kunisimulia wakidhani nitacheka pia. Jina la yule bibi, alilolijenga miaka yote kwa kuamka alfajiri na kulea watoto wa watu, lilikuwa linabomoka, na nyundo ilikuwa mkononi mwangu.

Mzee Chilumba akarudi. Hakuweka hata begi chini. Aliiona ndoo imepinduliwa, akaona drafti juu ya meza, akainua macho kwenye bati. Akavuta kigoda, akapanda, akakishika kiroba. Kilikuwa cha moto kama chapati. Akakifungua. Unga umeshikana mabonge.

"Umewauzia watu huu?"

"Ndiyo, mzee. Haukunuka, mzee. Rangi yake ileile."

"Dagaa wakioza utanusa," akasema. "Mahindi yakiota ukungu utaona. Hizi zikifa hazikuambii. Ndiyo maana nikakupa masharti, kwa sababu pua yako na macho yako hapa havina kazi." Akashuka. "Kuku wa nani wameanguka?"

Nikamtajia. Ya jicho sikuyataja.

Akaenda mwenyewe dukani kwa dawa za mifugo, akaja na vitamini za kutia majini, akanipa. "Mpelekee sasa hivi. Azitie asubuhi maji mapya, yakibaki jioni amwage, wasinywe ya jana. Na umwambie ilikuwaje. Kwa mdomo wako."

Nilimpelekea. Nikamwambia asubuhi maji mapya, jioni amwage. Ilikuwaje, sikumwambia. Nilisema kesho. Kesho yake nikasema Ijumaa.

Sasa ona jinsi uongo unavyojua kujijengea nyumba. Vifaranga ambao vidole vyao vilikuwa ndiyo kwanza vinaanza kujikunja, ndani ya siku chache wakasimama. Wanakimbilia chakula. Wale waliokunja kabisa hawakusimama tena, wakakanyagwa na wenzao, wakawa wanaokotwa asubuhi wamekufa, na wengi walikufa. Lakini waliosimama walisimama, na Mama Neema akaniambia kwa furaha, machozi yanamlenga, "Umeona, kaka Hamisi? Tangu nimfungie lango yule bibi. Dawa yako imesaidia, sikatai, ila ungeniambia mapema habari za macho ningewaokoa wote."

Akanishukuru, mwanangu. Akanipa kuku.

Na mtaa wote ukapata ushahidi. Bibi kafungiwa, kuku wamepona. Nani tena angebisha? Mwisho wa wiki ile mwanawe Bi Mwantumu akaja na pikapu, akapakia kitanda, sufuria za vitumbua na mkeka, akamchukua mama yake Kigamboni. Hakuna aliyetoka kumuaga. Mie nilikuwa mashineni, nimeongeza moto wa injini nisisikie.

Mzee alikuja kuyajua kwa mdomo wa Mama Neema mwenyewe, alipokuja kuchukua chakula na kumsimulia habari za jicho. Sikupata kumwona mzee yule na uso wa namna ile. Alizima mashine. Kimya kilivyoingia masikio yakaniuma.

"Hamisi," akasema, "mwambie huyu dada ilikuwaje."

Nikasema. Kiroba, msumari, bati, ndoo. Nikasema kwamba siku ile ya kwanza nilijua. Mama Neema alisimama wima tu. Nilitegemea anitukane, nilikuwa natamani anitukane. Akauliza swali moja, na hata hakuniuliza mie, aliiuliza sakafu: "Sasa nilimwambia yule mama maneno gani?"

Mzee akanigeukia. "Kuku nitamlipa mie, mashine ni yangu. Wewe ulimpa mtu mzima jina baya ili ukae kwenye ndoo. Hilo sina cha kukulipia."

Tulivuka na pantoni kwenda Kigamboni Jumapili, Mama Neema katoka kanisani hata nguo hajabadili. Tukamkuta Bi Mwantumu uani kwa mwanawe, anachambua mchele. Alitukaribisha vizuri. Mkeka, maji ya kunywa, "Neema hajambo?" Nikapiga magoti nikasema yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, akachambua punje mbili tatu, akasema, "Nimesikia, baba. Nimewasamehe wote." Mama Neema akalia sana, akamwomba arudi, bomba ni lake, chumba chake bado kitupu.

"Hapana, mwanangu," akasema. "Pale nitakuwa kila nikiinua macho watu wanainamisha ya kwao."

Na mtaa? Tulipita nyumba kwa nyumba, mie na Mama Neema, kueleza. Watu walisikiliza, wakasema aa, kumbe. Mwaka mzima baadaye bado nilikuwa nasikia, "Ila yule bibi naye alikuwa na macho mazito." Mama Neema aliendelea na kuku, lakini chakula akawa anafuata Mbagala. Tukikutana ananisalimia.

Miaka ikapita, nikaoa, nikapata binti, mama yake huyu mjukuu wangu wa Bunju. Alipotimiza siku arobaini nikasema huyu nampeleka Kigamboni. Sijui nilikuwa natafuta nini. Nadhani nilitaka mkono wake umshike mtoto, nione kweli yameisha. Bi Mwantumu alikuwa kazeeka, kakaa kwenye mkeka. Aliposikia sauti ya mtoto, uso wote ukamfunguka. Halafu akakumbuka. Nilimwona anavyokumbuka. Akavuta kanga yake, akajifunika macho.

"Bibi, mtazame basi. Nimekuletea umuone."

"Mpeleke kwa wengine wamuone," akasema kutoka ndani ya kanga. "Mie watoto wa watu siwatazami, baba. Wala vya watu sivisifii. Nilishaacha."

Nilikaa pale mpaka mtoto akaamka na kulala tena. Hakuifunua ile kanga. Mwaka uliofuata tulikwenda kumzika.

Mwanangu, wewe unayefuga na wewe usiyefuga, nasaha yangu ni hii. Vitamini za kuku wako ziweke penye ubaridi na giza, kwenye chombo chenye mfuniko, na ukishafungua usikae nazo miezi. Zikipita siku zake zitupe, usizionee huruma, na usizijaribu kwa pua. Hayo utaambiwa na bwana mifugo yeyote. La kwangu ni lile ambalo hatakuambia: ukiharibu, sema siku ileile, mtu akiwa bado amesimama mbele yako na kifaranga chake. Usiseme kesho. Yule kifaranga akiwahiwa anakunjua vidole, akicheleweshwa hata umpe dunia nzima ya dawa, vimeshakunjika. Nimeona kwa kuku, nikaona kwa mtu. Na mwenzako akiwa kwenye shida anatafuta wa kumlaumu, usimnyooshee jirani kidole. Kama huna jibu la kweli, mwambie sijui, ukae naye. Na aliyekwisha kusingiziwa, usingoje mpaka upate nafasi. Nenda leo, na utangaze kwa sauti kubwa kuliko ile ya uongo, maana mie nilinong'ona uongo mara moja tu, na ukweli niliupigia hodi mtaa mzima haukufika.

Mungu akujalie banda lenye afya na ulimi mwepesi wa kukiri. Akupe majirani wanaochungulia kwenye wavu wako wakafurahi, na moyo wa kuipokea furaha yao. Na mtoto wako akizaliwa, mwanangu, kila mzee utakayempelekea amtazame kwa macho yote mawili.